Kazi ya bustani ya maua ni ya Februari, mvua haijaanza

Mhariri,

Kila mwaka mvua za Machi zikianza, vitalu vya miche vilivyo kandokando ya barabara ya Kampala kwenda Entebbe hujaa wanunuzi. Boda boda huondoka na waridi mbele na bogenvilia nyuma, na jioni hiyohiyo mashimo yanachimbwa katikati ya tope. Ikifika Juni, jua linapokaza, mingi ya miche hiyo imekwisha, na anayelaumiwa ni aliyeiuza. Sisi tunaoishi kwa kazi hii ya maua tunakuomba nafasi tuseme jambo moja na kulieleza sawasawa: kazi nzito ya bustani ya maua hapa Uganda hufanywa Februari, ardhi ikiwa bado kavu. Machi ni ya kupanda.

Paketi za mbegu zinachangia kupotosha watu. Nyingi zinatoka Ulaya, na mgongoni zimeandikwa kwamba mbegu zipandwe mwanzoni mwa majira ya kuchipua. Huko maneno hayo yana maana: theluji imeyeyuka, udongo umeanza kupata joto, na mimea iliyolala tangu Novemba inaamka. Kwetu hakuna baridi ya kuulaza mmea. Mstari wa Ikweta unapita Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka, na mwanga wa mchana hudumu kwa muda wa saa 12 hivi kuanzia Januari hadi Desemba. Kinachoiamsha mimea yetu ni maji. Jua la adhuhuri hufika juu ya utosi wetu karibu na tarehe 21 Machi, ukanda wa mvua hulifuata, na ndiyo tunapata zile mvua ambazo Waganda huziita toggo, kati ya Machi na Mei. Kwa hiyo mwenye paketi ya Ulaya mkononi na asome hivi: wiki tatu au nne kabla ya mvua. Kwa Kampala, Entebbe, Mukono, Jinja na Masaka, hiyo ni Februari.

Tuanze na udongo, maana hapo ndipo bustani nyingi hufia. Udongo mwekundu wa vilima vya Kampala una mfinyanzi mwingi. Ukilimwa ukiwa umelowa, chembe zake hukandamizana, nafasi za hewa huzibika, na jua likirudi hukauka kama tofali. Mizizi michanga haipenyi humo. Huzunguka ndani ya shimo lake dogo kana kwamba bado imo kwenye mfuko. Kipimo cha kujua kama unaweza kulima ni rahisi. Chimba sentimita 15, chota konzi moja, ubane, kisha udondoshe kutoka usawa wa kiuno. Donge likipasuka vipandevipande, chukua jembe. Likianguka na kubaki zima, acha, rudi baada ya siku mbili. Na kama ardhi ni kavu mpaka jembe linaruka, mwaga jerikeni 2 za lita 20 kwa kila mita mraba jioni, kisha lima kesho kutwa. Lima kina cha sentimita 30. Kukwaruza sentimita 10 za juu, kama shamba boi wengi wanavyofanya ili kazi ionekane imekwisha, ni kupamba tu.

Wenye nyumba mpya wana tatizo lao. Mafundi wakimaliza kujenga huacha uwanja wenye marram iliyoshindiliwa, na chini yake vipande vya zege, mchanga uliochanganyika na saruji, mifuko na misumari. Saruji ina chokaa, na chokaa huufanya mmea ushindwe kuchukua madini ya chuma. Dalili yake ni majani machanga kuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani. Iksora, gadenia na waridi ndizo zinazoonyesha mapema. Hapo mbolea ya dukani haisaidii, hata ukimwaga mfuko mzima. Chimba sentimita 40, toa kila kipande cha zege unachokiona, kisha jaza udongo wa juu kutoka mahali palipokuwa pakilimwa. Udongo mweusi wa kinamasi unaouzwa kwa lori hauna utajiri unaodhaniwa kwa sababu ya rangi yake. Ukikauka kabisa hukataa kunywa maji, na mara nyingi huja na magugu ya ndago ndani. Kama umeshaununua, changanya sehemu 1 ya huo na sehemu 2 za udongo mwekundu na sehemu 1 ya samadi iliyooza.

Tumetaja ndago, na hapo kuna sababu nyingine ya kulima wakati wa kiangazi. Ndago na gugu jingine, lumbugu, haziuawi kwa kukatwa. Lumbugu ina mashina meupe yanayotambaa chini ya udongo, na kila kifundo cha shina hilo ni mmea mpya. Ukiilima wakati wa mvua umeipanda upya mara ishirini. Ukiilima Februari kwa jembe la meno, ukaikung'uta udongo na kuiacha juu ya ardhi, jua hulimaliza shina lote kwa wiki moja au mbili. Tumia jembe la meno, si la kawaida, kwa sababu la kawaida hukata vipande na kuvifukia. Ndago ni sugu zaidi: vijitunguu vyake vyeusi vimeungana kama mnyororo kwenda chini, na ukikata mnyororo, vile vilivyobaki huamka vyote. Fuata kila mche kwa mkono mpaka kwenye kijitunguu chake. Hautazimaliza kwa msimu mmoja, lakini utazipunguza kiasi cha maua kupata nafasi.

Samadi nayo inahitaji muda huo. Ya ng'ombe iwe imeoza kwa miezi mitatu au zaidi. Ingiza mkono katikati ya lundo: ukikuta joto, au harufu kali inayochoma pua, bado. Samadi mbichi hutoa amonia na chumvi zinazounguza mizizi, na mche hukauka kuanzia ncha za majani ingawa udongo una maji. Hapo ndipo watu humwagilia zaidi na kuumaliza. Kiasi ni toroli 1 iliyojaa kwa kila mita mraba 2, ichanganywe na udongo wote uliolimwa, si kutandazwa juu tu. Ya kuku ni kali zaidi; tia robo ya kiasi hicho, na iwe wiki nne kamili kabla ya kupanda. Majivu ya jikoni yanafaa, konzi 1 kwa mita mraba na si zaidi, lakini yawe ya mkaa au kuni tupu. Majivu ya takataka zilizochomwa pamoja na plastiki yasiingie bustanini. Pia majivu yoyote usiyapeleke kwenye iksora, gadenia wala haidrenja unayotaka iwe ya buluu. Haidrenja hupata ubuluu wake kwenye udongo wenye asidi, na majivu huiondoa asidi hiyo. Msimu unaofuata itachanua pinki na utashangaa. Mbolea ya dukani ya NPK 17:17:17 ingoje siku ya kupanda. Ukiimwaga Februari, mvua ya kwanza itaibeba kabla ya mzizi kuifikia.

Jambo linalosahauliwa kuliko yote ni njia ya maji. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita mraba. Paa la mita mraba 100 likipata mvua moja ya milimita 30, jambo la kawaida mwezi wa Aprili, hutema lita 3,000 za maji. Kama mfereji wa paa unaishia juu ya tuta lako la maua, hakuna mbegu itakayobaki hapo, na samadi yote itakuwa kwa jirani wa bondeni. Chimbeni mfereji sasa, wa upana wa sentimita 30, au wekeni tangi. Kwenye mteremko, na Kampala ni miteremko mitupu, matuta yakingame, yasishuke na kilima. Tuta liinuliwe sentimita 15 hadi 20, upana usizidi mita 1.2 ili mtu alifikie katikati bila kulikanyaga. Kabla hujachagua mahali pa kichaka kikubwa, chimba shimo na umwage jerikeni 1. Maji yakiwa bado yamesimama kesho yake asubuhi, hapo pawe pa maua ya kana, yanayopenda unyevu. Waridi itaoza mizizi.

Sasa kupogoa. Waridi ndiyo inayoharibiwa zaidi, ama kwa woga ama kwa panga. Huko Ulaya huikata fupi sana mwishoni mwa baridi, kwa sababu imelala na chakula chake kiko kwenye mizizi na mashina. Yetu hailali. Kuikata mpaka sentimita 20 na kuipokonya majani yote ni kuinyima mahali pa kutengenezea chakula wakati wa jua kali, na mashina yaliyozoea kivuli cha majani huungua ngozi. Njia inayofaa hapa ni kuipumzisha kwanza. Kuanzia mwisho wa Januari punguza maji kwa wiki mbili, usitie mbolea. Katikati ya Februari ondoa kila kilichokufa, kila kilichougua, na matawi yanayosuguana katikati. Bakiza mashina 4 au 5 yenye nguvu, yaliyosambaa pande zote ili upepo upite. Hayo yaliyobaki yapunguzwe kwa theluthi moja. Kichaka chenye afya kinaweza kukatwa nusu, hadi kimo cha goti au juu yake kidogo.

Kila mkato uwe milimita 5 juu ya jicho (mahali chipukizi linapotokea) linalotazama nje, na uinamie upande wa pili ili maji yasitiririkie kwenye jicho. Ukiacha kisiki kirefu kitakufa, na kifo hicho kitashuka na shina. Ukikata karibu mno, jicho lenyewe hukauka. Tazama moyo wa shina ulipokata: ukiwa mweupe umefika pazima, ukiwa wa kahawia teremka jicho moja na ukate tena. Mkasi uwe mkali, maana butu huponda. Uufute kwa spiriti unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine (pombe ya waragi haitoshi, haina nguvu ya kutosha ya kuua ukungu na bakteria).

Waridi nyingi za vitaluni zimeunganishwa juu ya shina la waridi mwitu. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo ni ya mwitu, hukua haraka kuliko mengine, na yakiachwa huishinda waridi uliyonunua. Ndiyo sababu mtu husema waridi yake nyekundu imegeuka kuwa ya vijiua vyeupe. Haikugeuka, ilikufa, na mwenye nyumba wa chini akarithi. Usiyakate kwa mkasi. Fukua hadi yanapoanzia, uyang'oe kwa kuyavuta, kwa sababu yakikatwa huacha macho chini na kurudi matatu badala ya moja.

Ukimaliza kupogoa, okota majani yote yaliyoanguka chini ya kichaka na uyachome au uyafukie mbali. Kazi hii ndogo ndiyo inayoamua Aprili itakuwaje. Ugonjwa wa madoa meusi hukaa kwenye majani hayo ukisubiri maji. Tone la mvua likiyapiga hurusha vimelea kwenye majani mapya, na jani likibaki limelowa kwa saa 7 au zaidi ugonjwa umeingia. Baada ya hapo utanunua dawa ya ukungu kila wiki mbili na kuipulizia kwenye mvua inayoiosha. Kisha mpe kila mmea ndoo nusu ya samadi iliyooza, na lita 10 za maji mara mbili kwa wiki hadi mvua zianze. Tangu mkato hadi ua la kwanza ni wiki 6 hadi 8, kwa hiyo waridi iliyopogolewa katikati ya Februari huchanua karibu na Pasaka.

Haibiskasi huchanua kwenye matawi mapya, hivyo ikatwe theluthi moja bila huruma. Poinsetia ikatwe rangi yake inapofifia, na mkataji ajihadhari na utomvu wake mweupe: unawasha ngozi, na ukiingia machoni ni hatari zaidi. Haidrenja ni kinyume cha haibiskasi. Ile ya kawaida hubeba maua yake kwenye matawi ya zamani, kwa hiyo ondoa vichwa vilivyokauka na matawi mafu, basi. Anayeikata yote iwe sawasawa na ua wa fensi atapata majani mazuri sana mwaka mzima.

Na bogenvilia iachwe kwanza. Hiyo hupenda kiu. Rangi unazoziona kwenye kuta za Kololo na Entebbe Januari na Februari ni matokeo ya kiangazi. Subiri rangi zianguke zenyewe, kwa kawaida mvua zikishaanza, ndipo uikate. Samadi nyingi huifanya itoe miba na majani tu. Isihamishwe hovyo, kwa sababu mizizi yake ni myembamba na hukatika donge la udongo likivunjika.

Matawi unayoyakata usiyatupe yote. Vipandikizi vya haibiskasi, duranta, bogenvilia na waridi viwe na unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, na vifundo 3 au 4. Kata chini ya kifundo kwa mkato wa bapa upande wa mizizi, na mkato wa mshazari upande wa juu. Si urembo: ndivyo utakavyojua upande upi unaingia ardhini, maana kipandikizi kilichogeuzwa hakioti. Ondoa majani ya chini, yaliyobaki yakate nusu, zika theluthi mbili kwenye mchanganyiko wa mchanga wa mto na mboji kwa kiasi sawa. Weka kivulini, funika kwa kaveera (mfuko wa plastiki) lililoegemezwa kwenye vijiti lisiguse majani, na baada ya wiki 4 hadi 6 vuta kidogo: kikikataa kuvutika kina mizizi. Kwa franjipani subiri. Tawi lake lilazwe kivulini kwa wiki nzima mpaka maziwa yakauke na kidonda kifunge, ndipo lipandwe. Likipandwa bichi huoza.

Upande wa mbegu, watu huzichanganya zote katika kapu moja, na hilo ni kosa. Petunia, salvia na impatiensi huanzia kwenye trei Februari, chini ya kivuli. Mbegu za petunia ni vumbi tupu; zichanganye na kijiko cha mchanga mkavu ili zitawanyike, zimwage juu ya udongo uliolowa na usizifukie, kwa sababu zinahitaji mwanga ili ziote. Nywesheni kutoka chini, trei ikiwa kwenye beseni lenye maji kidogo, kwa sababu maji ya kumwaga huzisukuma zote kona moja. Miche inayoanguka ghafla ikiwa imenyongwa usawa wa udongo imeshikwa na ukungu: ilibanana mno, au ilinyweshwa jioni ikalala imelowa. Zinia, kosmosi na marigodi hazihitaji mahangaiko hayo. Zipande moja kwa moja kwenye tuta mvua zikikolea, kina cha nusu sentimita hadi sentimita 1. Zinia huota kwa siku 4 hadi 7 na huchanua baada ya wiki 8 hivi. Hamishahamisha haiipendi.

Kana iliyokaa miaka mitatu mahali pamoja imejibana, ndiyo maana inatoa majani mengi na maua machache. Fukua shina lake lote la chini ya udongo, kata vipande vyenye macho 2 au 3, acha mikato ikauke siku moja kivulini, panda kina cha sentimita 10, umbali wa sentimita 50. Gladiola hupandwa kina cha sentimita 10 hadi 15. Ikiwa juu juu huangushwa na upepo wa mvua ya kwanza. Amarilisi, shingo ya kitunguu chake ibaki nje. Dalia zinahitaji uangalifu: kiazi kisicho na kipande cha shina chenye jicho hakitachipua hata ukikisubiri hadi Krismasi, na wauzaji wasio waaminifu huuza vingi vya namna hiyo. Vipandwe kina cha sentimita 10, na mti wa kuegemea uchomekwe siku hiyohiyo, kwa sababu ukiuchoma baadaye utatoboa viazi. Usivinyweshe mpaka chipukizi litokeze, kiazi kisicho na mizizi huoza. Jozi ya nne ya majani ikitoka, kata ncha, ndipo litawanyike. Dalia bora nchini hukua Kabale, karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako usiku ni wa baridi. Kampala huwa na shina refu na ua dogo, na hilo si kosa la mkulima.

Mvua ikinyesha, usikimbie. Mara nyingi kuna mvua ya mwisho wa Februari inayodanganya: inanyesha siku mbili, kisha jua kavu wiki mbili. Anayepanda siku hiyo hupoteza. Milimita 10 hulowesha sentimita chache za juu tu. Weka mkebe wenye pande zilizonyooka uwanjani, pima maji kwa rula kila asubuhi, na chimba kwa panga uone. Udongo ukiwa umelowa hadi sentimita 20, panda. Miche ya kichaka iwe na shimo la sentimita 45 kila upande. Udongo wa juu uwekwe pembeni, uchanganywe na samadi nusu yake, ndio urudishwe. NPK kifuniko 1 cha soda kwa mche, ichanganywe na udongo wa chini ili isiguse mizizi. Na kaveera liondolewe lote. Tunafukua mimea iliyokaa miaka miwili bila kukua na kukuta mfuko mzima chini, umechanwa kidogo tu kitakoni. Mizizi iliyojizungusha ikatwe kwa kisu pande tatu, la sivyo itaendelea kuzunguka hadi ijinyonge. Mche ukae kina kilekile ulichokuwa nacho mfukoni, na kiungo cha waridi kibaki juu ya udongo.

Matandazo yafuate siku hiyohiyo: makapi ya kahawa au nyasi kavu zisizo na mbegu, unene wa sentimita 5 hadi 7, yakae umbali wa kiganja kutoka kwenye shina. Yakigusa shina huleta uozo, na mchwa hupanda chini yake bila kuonekana. Vumbi la mbao bichi lisitumike. Linapooza hunyang'anya udongo naitrojeni na majani hugeuka njano. Machipukizi mapya ya waridi huvuta vidukari ndani ya siku chache. Kabla ya dawa kali, jaribu kijiko 1 cha chai cha sabuni ya maji katika lita 1 ya maji, ukipulizia asubuhi na kuwalowesha wadudu wenyewe, kwa kuwa sabuni isiyowagusa haiwaui. Rudia baada ya siku 4. Konokono waokotwe usiku kwa tochi. Hakuna dawa rahisi kuliko hiyo.

Kwa mvua za pili, za Septemba hadi Novemba, kazi hizi hufanywa Agosti, lakini kwa wepesi. Udongo ulishalimwa, unaongeza samadi nusu ya ile ya Februari. Waridi hupunguzwa robo tu, kana haifukuliwi tena. Wasomaji wa Gulu na Lira wasifuate tarehe zetu. Kwao kuna msimu mmoja mrefu kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi, kwa hiyo kazi yote ya Februari tuliyoieleza waifanye Machi, na ya Agosti waiache kabisa, kwa sababu wakati huo udongo wao umelowa na jembe lingeuharibu.

Watunza bustani na wenye vitalu vya maua,
Entebbe